Kusuka tena mukuba wa Kisale

Siku hizi mtu akitamka neno "mukuba" katika miji yetu, wengi wanawaza malori. Wanawaza zile sahani nzito nyekundu zinazofungwa kwa mikanda ya chuma na kupita njia ya Kasumbalesa mchana na usiku. Katika mwaka 2024 Kongo ilitoa tani zaidi ya milioni 3 za shaba, ikawa inchi ya pili ulimwenguni nyuma ya Chile. Ni hesabu kubwa kabisa. Lakini ingia ndani ya nyumba kumi za Lubumbashi na uulize kama kuko kitu kimoja cha shaba ambacho watu wa pale wanakivaa. Utapata waya za umeme ndani ya ukuta, na labda picha moja ya shaba ya kugongwa, zawadi ya ndoa. Tunatosha mukuba, tunauuza mukuba, tumeacha kuuvaa.

Zamani mambo hayakuwa hivyo, na ushahidi uko ndani ya udongo wetu wenyewe.

Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, fasi Lualaba inapanuka na kugeuka maziwa na matete, kuko kijiji kinachoitwa Sanga. Katika mwaka 1957 na 1958, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale na kukuta makaburi ya zamani sana. Toka mwaka 1974, Pierre de Maret alirudi Sanga na kufika pia Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa jumla makaburi zaidi ya 200 yalifunguliwa katika bonde lile. Ya kwanza kati ya yale ya Kisale ni ya karne ya 8, na mazishi ya namna ile yalikuwa na nguvu zaidi toka karne ya 10 mpaka kuelekea karne ya 14. Wafu walilazwa na vyungu vizuri, na pamoja nao mapambo: bangili, pete, minyororo, na waya mwembamba wa shaba uliosukwa. Simbi chache zilifika pia pale, na simbi ni kitu cha bahari ya Hindi. Hata watoto walizikwa na vyungu vyao, vidogo, na mapambo yao.

Katika kaburi moja la Kamilamba, la zile karne za mwanzo, mkubwa mmoja alizikwa na shoka la heshima ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari, na karibu ya kichwa chake waliweka fuawe la chuma. Sisi tunaojua desturi za Baluba hatushangai. Fuawe, nyundo na shoka vilibaki alama za ufalme kwao mpaka siku zetu. Mtu wa utawala na mtu wa moto walikuwa karibu sana.

Mimi ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Kila mwaka ninaonyesha wanafunzi wangu picha za vitu vya Sanga, na kila mwaka mmoja anauliza swali lilelile. Mara ya mwisho alikuwa kijana wa mwaka wa tano, mtoto mwenye akili kabisa:

– Madame, hii vintu balinunuaka kwa Bazungu?

Mwenzake alimucheka: "Bazungu gani, mu karne ya kumi?" Darasa lote likacheka. Lakini mimi niliona kwamba wengi walikuwa na wazo lile ndani ya moyo, hawakuwa tu na ujasiri wa kulisema. Mtoto aliyezaliwa kati ya mashimo ya migodi, mwenye kaka zake wanaochimba na mikono usiku ili wauze mawe kwa kilo, atajuaje kwamba mikono ya watu wa kwao iliweza kufanya uzi wa shaba? Maneno ya mwalimu hayatoshi. Picha pia haitoshi. Nikaona inafaa kitu kifanywe tena, mbele ya macho.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Shemeji yangu anayeishi Ubelgiji aliniletea kitabu juu ya Waviking, watu wa Denmaki, Uswidi na Norwe. Wakati wao ulianza karne ya 8 na kuisha katika karne ya 11. Ni kusema kwamba watu wale na watu wa kwanza wa Kisale waliishi chini ya mwezi mumoja, bila kujuana. Wanawake wa kule walifunga nguo zao mabegani kwa vibanio viwili vya shaba iliyochanganywa, vyenye umbo la yai. Walivaa pia minyororo ya waya wa fedha uliosukwa na bangili za fedha zilizosokotwa. Karibu na mji wa kale wa Birka, katika Uswidi, Hjalmar Stolpe alichimba makaburi zaidi ya 1,000 katika nusu ya pili ya karne ya 19, na vitu vya namna ile vilijaa ndani yake.

Kilichonigusa zaidi ni namna wataalamu wa kule wanavyofanya. Hawakubakia kutazama vitu nyuma ya kioo. Walivifanya tena. Katika mwaka 1964 ilifunguliwa kule Lejre, katika Denmaki, fasi ya kujaribia kazi za watu wa zamani: kujenga nyumba zao, kuwasha tanuru zao, kufuma nguo zao. Mafundi wa vito nao wakachukua vipande vya kalibu za udongo vilivyookotwa katika mji wa Ribe, wakaiga kalibu zile, wakamwaga shaba ndani. Wakaona kwamba ili kutosha kibanio inafaa kuvunja kalibu, kwa hiyo kila kibanio kinaomba kalibu yake mpya. Wakaona pia kwamba mtu akikandamiza kibanio kilichokwisha kutengenezwa ndani ya udongo ili apate kalibu ingine, michoro ya nakala inapoteza ukali wake kidogo. Toka pale, mtaalamu akipata vibanio viwili vinavyofanana, anaweza kutafuta kipi ni mzazi na kipi ni mtoto. Jambo lile halikuandikwa fasi yoyote. Mikono ndiyo iliyolifundisha.

Tena tusifikiri kwamba jambo la namna hii ni geni kwetu. Katika mwaka 1924 wazee wa Katanga waliojua bado kazi ya mukuba waliwasha tena tanuru mbele ya Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, na yeye akaandika mambo aliyoona katika andiko la mwaka 1926 juu ya "walaji wa shaba". Kazi ile ilifanywa wakati wa kiangazi, mashamba yakiisha kulala. Mawe ya kijani yalichaguliwa, tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, makala ikachomwa, mivukuto ikapuliza. Kisha shaba ilifanywa misalaba, ile misalaba mitatu iliyochorwa baadaye, mwaka 1960, katika bendera ya Katanga. Waya nao ulivutwa na mafundi, zaidi kwa Wayeke wa Bunkeya, ambao wakubwa wao walitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa katika karne ya 19.

Nikatafuta fundi. Katika komini ya Katuba kuko mzee mmoja anayeishi kwa kugonga picha za shaba, na babu yake alivutaka waya kule Bunkeya. Nilipomueleza, alinyamaza kwanza. Halafu akasema:

– Madame, kwenye kuyeyusha majiwe, bamama habakukaribiaka. Ilikuwa mwiko. Lakini kusuka waya ni kusuka, sawa nywele, sawa kitunga. Pale mikono yako inaweza kujua kupita yangu.

Shaba tuliipata kwa kable ya zamani ya nyumba yetu, tuliyoitosha wakati wa kubadilisha umeme. Ninalisema wazi, sababu katika mji huu mtu mwenye kable mkononi anaulizwa maswali. Tuliikata, tukaiyeyusha ndani ya chungu kidogo juu ya makala. Shaba haiyeyuki mpaka moto ufike digri 1,085. Watoto wawili wa fundi walipokezana kwenye mivukuto bila kupumzika, na mmoja akiacha kidogo tu, rangi ya moto ilishuka. Fundi hakutumia chombo chochote cha kupima. Alitazama rangi. Kisha akamwaga shaba ndani ya mfereji aliochora katika mchanga, tukapata fimbo fupi, nene kama kidole kidogo cha mtoto.

Sasa nyundo. Fuawe la fundi wetu ni kipande cha reli. Alipiga fimbo, akiigeuza kila mara, mpaka ikawa ndefu na nyembamba. Ndipo alinionyesha siri ya kwanza. Alichukua kipande kimoja cha mwisho, akaendelea kukipiga bila kukirudisha motoni, na kikapasuka mbele yangu.

– Umeona? Mukuba iko sawa mutu. Ukiipiga mingi bila kuipumuzisha, inakuwa kali, kisha inavunjika. Inaomba irudie ku moto, ilainike, njo unaanza tena.

Shaba inayopigwa ao kuvutwa inakuwa ngumu. Ukiipasha moto mpaka iwe nyekundu, inakuwa laini tena, na hata ukiitia ndani ya maji haibadiliki, tofauti na chuma kikali ambacho maji yanakifanya kigumu zaidi. Fundi wa Kisale hakuweza kufanya waya bila kujua jambo hili. Ilikuwa elimu, na elimu ile ilipitishwa kwa vizazi vingi.

Fimbo ilipofikia unene wa milimita 3, tuliivuta ndani ya bamba la chuma lenye matundu, toka tundu kubwa mpaka dogo. Mtu mmoja anashika bamba, mwingine anavuta na koleo kwa nguvu ya mwili wote. Matundu 11, na moto mara tano katikati. Mabamba ya namna ile yalikutwa pia ndani ya makaburi ya Ingombe Ilede, upande wa Zambezi katika Zambia, makaburi ambayo si ya zamani sana kama yale ya kwanza ya Sanga. Jioni ya siku ya pili tulikuwa na waya wa milimita 1, unaong'aa.

Tulifanya tena kipande kingine kwa namna tofauti, bila bamba, kwa nyundo peke yake. Tukaweka vipande viwili pamoja chini ya lupe. Waya uliovutwa una mikwaruzo midogo inayokwenda kwa urefu. Waya uliopigwa una nyuso nyingi ndogo, sawa fimbo iliyochongwa na kisu. Na mafundi wa vito vya Waviking wanajua alama ya tatu, ile ya utepe mwembamba uliosokotwa mpaka ukawa waya: unabakisha mstari unaozunguka kama nyoka juu ya mti. Toka siku ile, nikiona waya wa zamani, macho yangu hayaishii kwa uzuri wake. Ninatafuta mikwaruzo. Ninauliza: ulivutwa, ulipigwa, ao ulisokotwa?

Kisha ikafika zamu yangu. Bangili moja ya mtu mzima, ya kuzungushia waya juu ya kamba ya nyuzi, ilikula mita nne na nusu hivi. Uzito wake ni gramu 30 hivi tu. Mtu akiiona sokoni atasema ni kitu kidogo. Lakini hesabu pamoja nami. Malakite iliyo safi kabisa ina shaba asilimia 57 hivi, na hiyo ni kwa jiwe lisilo na udongo ndani. Bonde la Upemba halina mawe yale. Shaba ilitoka kusini, upande wa migodi yetu ya leo, mwendo wa kilomita zaidi ya 200, kwa miguu na kwa mitumbwi. Kabla ya mkono wa Kisale kuvaa bangili, kulikuwa mtu aliyechimba, aliyekata miti ya makala, aliyepuliza moto, aliyebeba, aliyepiga, aliyevuta, aliyesuka. Na kulikuwa watu wa samaki na mashamba waliowalisha wote hawa. Sasa ninaelewa vizuri zaidi maneno ya wataalamu wanapoandika kwamba bonde lile lilikuwa na watu wengi na biashara. Bangili ile ni kijiji kizima kilichofungwa mkononi mwa mtu mmoja.

Tulifanya pia bangili ya mtoto. Inaomba waya nusu tu. Lakini kazi haipunguki nusu, sababu mzunguko ukiwa mdogo waya unakataa kupinda, na vidole vinauma zaidi. Tena huwezi kuchukua bangili ya mkubwa na kuikaza kwa mtoto. Inafaa kupima mkono wake. Na mkono wa mtoto unakua. Kitu kile atakivaa miaka michache tu. Kwa hiyo watu waliomfanyia mtoto bangili ya waya walikubali kupoteza kazi nyingi kwa ajili ya muda mufupi. Ndani ya vitabu nilisoma juu ya "vyeo" na "utajiri wa ukoo" katika makaburi ya watoto. Sikatai. Lakini mimi ni mama, na nikiwa na ile bangili ndogo mkononi, niliwaza kwanza huzuni ya wale walioizika.

Karne zilizofuata, zile za Kabambe mpaka karne ya 18, desturi iligeuka. Misalaba midogo ya shaba ikaanza kuonekana zaidi na zaidi ndani ya makaburi, karibu na viuno ao mikono ya wafu, na kadiri miaka ilivyopita ikawa midogo zaidi na kufanana zaidi. Wataalamu wanaona pale mwanzo wa makuta: shaba iliyokuwa pambo ikawa kitu cha kuhesabu. Kwa kweli tungali katika njia ileile. Ilianza na misalaba midogo, leo ni sahani juu ya malori.

Kuko jambo moja ambalo vitabu havisemi sana. Mama bukwe wangu ni mtu wa upande wa Kinkondja, karibu na ziwa. Kule, mtu akichimba shimo la choo anaweza kukuta vyungu vya zamani. Siku moja nilimuonyesha picha ya kaburi lililofunguliwa, na mifupa ilionekana wazi. Aligeuza uso.

– Mwanangu, huyu ni mutu. Balimuzika, balimulilia. Nani alimuomba ruhusa?

Sikuwa na jibu, na sitaki kumcheka kwa jina la sayansi. Bila zile kazi za 1957 na 1974, sisi wote hatungejua kitu juu ya Kisale, na wanafunzi wangu wangeendelea kuamini kwamba historia yetu ilianza na treni. Lakini sauti ya mama bukwe nayo ni ya kweli. Wale walioko pale chini si watu wa hadisi. Ni wafu wa watu. Tena wako wengine wanaochimba bila elimu, wanaotafuta kitu cha kuuza, na chungu kikitoka pale bila kuandikwa kilikuwa na nani na karibu na nini, hakisemi tena neno.

Nilipomaliza bangili nilimpelekea. Nilimueleza kwamba haikutoka ndani ya kaburi lolote, kwamba ni kable ya nyumba yetu na mikono yetu. Aliigeuzageuza. Akaipima na ukucha. Kisha akaivaa, akatikisa mkono, akasema tu: "Inasikilika nzuri." Hajaitosha mpaka leo.

Ndiyo maana ninaona kazi hii ya kufanya tena vitu vya zamani ina faida mbili katika inchi kama yetu. Ya kwanza ni ujuzi: mtu akifanya kitu kwa mikono, anajifunza muda, nguvu, makala na akili vilivyoingia ndani yake. Ya pili ni heshima: tunaweza kuuliza wafu maswali mengi bila kuwaamsha. Hatuwezi kujua yote kwa njia hii. Bangili yetu inaonyesha namna moja inayowezekana, haihakikishi kwamba fundi wa karne ya 11 alifuata namna ileile. Hatujui pia mikono ya nani ilisuka waya ule. Vitabu vinaandika "fundi" na msomaji anawaza mwanaume. Mimi, kisha kusuka waya namna nilivyosuka nywele za binti zangu, ninaomba swali libakie wazi.

Yule kijana wa mwaka wa tano alikuja Katuba na wenzake sita katika likizo ya Pasaka. Walivuta waya kwa zamu. Wawili kati yao walikwisha kuingia katika mashimo ya wachimbaji, wanajua uzito wa jiwe kuliko mimi. Mmoja wao alishika waya, akautazama muda murefu, akauliza fundi bei ya kilo. Fundi akamjibu:

– Ya kilo, unajua. Sasa uliza bei ya mita.

Kijana alihesabu kwa vidole, kimya. Wazee wanaojua bado kuvuta waya hawafiki wengi katika mji wetu, na wengi wao wamekwisha kupita miaka 70. Ninaomba shule zetu, parokia zetu na vyama vyetu vya utamaduni viwatafute wakati wangali na nguvu ya kushika koleo, na kila fasi wanakokubali, watoto waende kukaa karibu yao na kuvuta.